Mitandao ya Kijamii kwa Wafanyabiashara na Wasanii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninasimamia kurasa za maduka machache na wasanii wawili hapa Dar es Salaam. Maswali haya ninaletewa na fundi cherehani, mama anayepika keki nyumbani, na kijana aliyetoka studio jana na wimbo wake wa kwanza kwenye simu. Nimeanza na ya mwanzo, yale magumu yako mwishoni. Jambo lililokwisha kujibiwa sikulirudia, nimeelekeza lilipo.

## Kuanza

1. Ndiyo kwanza naanza. Nifungue akaunti wapi?

Pale ambapo wateja wako wanapita tayari. Kwa vitu vinavyonunuliwa kwa macho, kama nguo, keki, samani na nywele, Instagram ndiyo dirisha la duka na WhatsApp ndiyo kaunta. TikTok inakupeleka kwa watu ambao hawajawahi kukusikia. Facebook vijana wa mjini wanaidharau, lakini muuza vifaranga, vipuri vya gari au viwanja atakuambia wateja wake bado wako huko, hasa wa mikoani na watu wazima.

Msanii anahitaji YouTube kama ghala la kazi zake, halafu TikTok na Instagram za kuwaleta watu ghalani. X (zamani Twitter) bado ina nguvu Kenya. Kwa Tanzania, mtandao huo ulifungwa Mei 2025, kwa hiyo usiifanye nguzo ya nyumba yako (soma pia swali la 16).

Mitandao miwili inayojibiwa kila siku inauza kuliko mitano iliyoachwa iote majani.

2. Kuna haja ya WhatsApp Business, au namba yangu ya kawaida inatosha?

Kuna haja. Programu yenyewe ni ya bure, ipo tangu 2018, na ina vitu ambavyo muuzaji anavihitaji kila saa: katalogi ya bidhaa na bei zake, majibu ya haraka yaliyokwisha andikwa, na lebo za kutofautisha aliyelipa, anayesubiri mzigo na aliyeuliza tu. Weka laini yake peke yake. Biashara ikikua utataka kumkabidhi mtu simu bila kumkabidhi mazungumzo yako na shangazi.

Jambo moja wengi hawalijui: orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila mteja akilipa, mwombe aihifadhi kwa jina la duka.

3. Niposti mara ngapi, na saa ngapi?

Mara unazoweza kujibu. Takwimu za akaunti yako zitakuonyesha saa ambazo wafuasi wako wako hewani. Kwa kurasa ninazosimamia ni jioni, kuanzia saa moja.

Kalenda ni muhimu kuliko saa. Mwisho wa mwezi watu wana fedha. Januari ni ada za shule, kwa hiyo sare na mabegi vinatoka, pochi za sherehe hazitoki. Nguo za Idi zianze kuonekana kabla Ramadhani haijaandama, maana likifika kumi la mwisho fundi hapokei tena kitambaa cha mtu.

Na kumbuka bando. Video yenye utangulizi wa nembo inayozunguka kwa sekunde tano ni MB za mtu zinazoteketea. Onyesha bidhaa kwanza.

4. Je, ninunue wafuasi ili nionekane mkubwa?

Usinunue. Mtandao hupima posti yako kwa kuionyesha kwanza kwa baadhi ya watu, hasa wafuasi wako. Kama wafuasi wenyewe ni akaunti hewa, hakuna anayegusa, na posti inazikwa kabla haijamfikia hata mtu wa kweli mmoja. Umelipa fedha ili ufichwe.

Ninamjua mama mmoja wa Temeke anayeuza keki kwa Status ya WhatsApp tu. Wanaomtazama hawafiki mia nne, na Jumamosi zake zimejaa. Nimesimamia pia ukurasa wenye wafuasi zaidi ya laki moja ambao siku nzima ulipata maswali mawili. Hesabu maswali, oda, na watu wanaorudi mara ya pili.

## Bei, majibu na uaminifu

5. Kwa nini watu wanakasirika nikiandika "bei njoo DM" (yaani ujumbe wa faragha)?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na msimamo wangu ni mmoja: andika bei.

Sababu za kuificha ninazijua. Jirani wa Kariakoo ataiona na kushusha elfu mbili. Mnunuzi wa jumla ataona bei ya rejareja na kukimbia. Wengine wanaamini komenti hamsini za "bei?" zinaipandisha posti. Zote zina chembe ya ukweli. Lakini mtazame mtu aliye upande wa pili. Ametoka kazini, amesimama ndani ya daladala, bando linaisha saa sita usiku, na amevipenda viatu vyako. Ukimwambia aje DM anawaza mawili: ama bei ni kubwa, ama itapangwa kwa kumwangalia yeye ni nani. Anapandisha kidole na kwenda posti inayofuata. Wewe hutajua hata kama alikuwepo.

Nilimbembeleza mwenye duka moja la vitenge aandike bei kwa mwezi mmoja tu. Wiki ya kwanza meseji zilipungua, akanipigia simu amefadhaika. Nikamwomba ahesabu pisi zilizotoka dukani, aachane na kuhesabu meseji. Waliokuwa wakija walikuwa wameshakubaliana na bei mioyoni mwao, na swali lao lilikuwa "Mbagala mnaleta?" Huyo ni mteja mwenye fedha mkononi. Hajarudi tena kuficha bei.

Kama bei inategemea kipimo au kitambaa, andika "kuanzia" na useme kinachoipandisha. Wa jumla waambie idadi ambayo bei ya jumla inaanzia, kisha wakuulize. Anayeomba punguzo usimchukulie mkorofi: kwetu kupatana bei ni sehemu ya salamu. Jipangie mapema pa kuishia.

6. Nijibu kwa lugha gani?

Kwa lugha aliyokuja nayo. Aliyeandika "mambo, hiyo bei?" anajibiwa "poa dada, ni 35,000, na saizi zote zipo." Aliyeanza na "Assalaam alaykum" arudishiwe salamu yake kamili kabla hujataja shilingi. Mtu mzima akiandika "mwanangu, hiki kiasi gani?" anastahili shikamoo. Nimeona maduka yakimjibu bibi wa watu kwa sentensi za kiofisi zilizotafsiriwa na mashine, naye akakaa kimya moja kwa moja.

Aliyeuliza akanyamaza, mkumbushe mara moja, siku inayofuata, kwa kumpa kitu: picha ya rangi nyingine, au taarifa kwamba saizi yake imebaki moja kama kweli imebaki moja. "Mbona kimya?" ni lugha ya mdai.

7. Mteja wa mbali ataniaminije, na matapeli wamejaa?

Ana haki ya kutokuamini. Watu wametuma fedha wakapigwa bloku, na kila muuzaji mwaminifu analipia dhambi hiyo. Kazi yako ni kumwondolea sababu za hofu, moja baada ya nyingine.

Anza na malipo. Lipa namba inayotokea kwa jina la duka lako inatuliza moyo. Namba ya kawaida yenye jina la mtu ambaye hajatajwa popote inaamsha mashaka. Ndani ya mji, kubali mteja alipe baada ya bodaboda kumfikishia mzigo, angalau kwa oda ya kwanza. Kwa mikoani tunatuma kwa basi: mchukulie video mzigo ukifungwa, jina lake likionekana juu ya boksi, kisha mtumie picha ya risiti ya basi na namba ya ofisi atakayoupokelea. Ukitaka kuziposti risiti hizo kama ushahidi, funika namba za simu za watu (swali la 14).

Weka sura. Duka lenye picha zilizookotwa mtandaoni linafanana na la tapeli hata kama si la tapeli. Sauti yako, mkono wako ukigeuza kitambaa, kelele za mtaa nyuma yako: hivyo ndivyo vitu ambavyo tapeli hawezi kuvipata. Wateja wa Muscat au London wanaomnunulia mama aliyeko Tanga huniambia hivyohivyo, kwamba walituma fedha baada ya kumwona mtu akizungumza.

8. Mtu amenichafua kwenye komenti. Nifute?

Matusi futa. Lalamiko usifute, hata likiuma. Jibu hapohapo kwa ufupi, mbele ya watu: pole, taja utakachofanya, kisha mhamie faragha kumaliza. Akishapata haki yake, mwombe arudi aseme. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na wanachotazama ni wewe unavyokuwa mambo yakiharibika.

Kosa likiwa la mteja, mfano amepokea mzigo na kuingia mitini, usiposti picha yake na neno "mwizi". Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayeandika maelezo polisi.

## Wasanii, mashabiki na kiki

9. Wimbo unatoka Ijumaa. Nianze lini kuutangaza?

Ulipaswa kuanza wiki mbili zilizopita. Siku wimbo unapotoka, kiitikio kiwe kimeshazoeleka masikioni. Chagua sekunde kumi na tano zinazoimbika, ziweke TikTok kupitia msambazaji wako (kampuni inayopeleka nyimbo mitandaoni) ili sauti ibebe jina lako, na ucheze hatua ambayo mtu aliyevaa khanga jikoni anaweza kuicheza. Hatua ngumu humpa sifa dansa, nyepesi huupa wimbo miguu. Shabiki akiicheza, ishee kwenye ukurasa wako. Posti ya shabiki aliyesheiwa na msanii ni posti ambayo ukoo wake wote utaiona.

Kuazima jukwaa kunasaidia sana. Zuchu alipotambulishwa na WCB, lebo ya muziki ya Diamond Platnumz, Aprili 2020 hakuanzia sifuri, maana mashabiki waliokwisha kukusanywa na Diamond kwa miaka walielekezwa kwake. Mwaka huohuo Diamond alipita jumla ya kutazamwa mara bilioni moja kwenye YouTube. Wewe huna Diamond nyuma yako, lakini unaye DJ wa mtaani, mchekeshaji mwenye wafuasi elfu ishirini, na mwalimu wa dansi. Waendee.

Nawashauri wasanii wawatazame pia Simba na Yanga. Simba Day ipo tangu 2009, na kila Agosti inapokaribia mitandao haipumui, kwa sababu klabu hizi hutambulisha wachezaji wapya mmoja mmoja, hurusha picha ya mgongo tu, na kuwaacha mashabiki wabishane ni nani. Habari moja inaliwa wiki nzima. Albamu yako inaweza kuliwa vivyo hivyo.

10. Je, kiki inafaa? Na kuwalipa chawa na kurasa za udaku?

Kiki, yaani vituko vya kutafuta kuzungumzwa, huleta macho. Lakini macho yaliyokuja kwa ugomvi yanataka ugomvi, na siku ukiposti wimbo hayakai. Nimewaona wasanii wazuri wakishindwa kuacha kwa sababu kila wakitulia namba zinashuka. Inanisikitisha, maana sauti wanazo.

Maisha ya msanii kuwa habari si lazima iwe kiki. Mwanamuziki wetu Jux na Priscilla Ojo wa Nigeria walifunga ndoa 2025 kwa sherehe zilizofanyika Tanzania na Nigeria, na zile picha zilimfikisha Jux kwa Wanaijeria wengi waliokuwa hawajui hata anaimba lugha gani. Lilikuwa jambo la kweli, la heshima, na muziki ulikuwa ndani yake.

Chawa anayekusifu kwa malipo anasikika kuwa amelipwa. Ukurasa wa udaku unaweza kukutangaza leo na kukuuza kesho. Fedha hiyo ilipie video nzuri.

11. Nimevuma ghafla. Nifanye nini kabla upepo haujapita?

Endelea na kilekile kilichokuvumisha, kwa miezi. Kili Paul alijulikana 2021 kwa kuigiza nyimbo za Kihindi akiwa amevaa shuka la Kimaasai, pamoja na dada yake Neema, na hakubadilisha mavazi wala mandhari alipoanza kusifiwa. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na dada yake katika hotuba yake ya redio. Azziad Nasenya wa Kenya, aliyevuma Aprili 2020 kwa kuucheza wimbo "Utawezana" wa Femi One na Mejja, aliligeuza lile wimbi kuwa kazi ya utangazaji na matangazo ya makampuni.

Siku hiyohiyo unapovuma, weka barua pepe ya kazi kwenye wasifu wako, na washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nywila pamoja na tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako (swali la 15), maana wezi nao wamekuona.

## Fedha

12. YouTube na TikTok zinaanza kulipa lini?

YouTube inagawana mapato ya matangazo na chaneli yenye waliojiunga 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au kutazamwa mara milioni 10 kwa video fupi ndani ya siku 90. Mwenye video ndefu hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Kiasi chenyewe kinategemea sana aliko mtazamaji: anayekutazama akiwa Ulaya au Marekani ana thamani kubwa kwa watangazaji kuliko aliyeko Morogoro, ndiyo maana chaneli mbili zenye namba sawa hazilipwi sawa.

Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua ya posta. Watu wengi wamekwama hapa kwa kuandika anwani ya mtaa usio na namba ya nyumba. Tumia sanduku la posta unalolifungua kweli. Malipo hutoka salio likifika dola 100.

Kwenye TikTok, fedha ambayo wasanii wetu wanaiona ni zawadi za laivu na kazi za makampuni. Kenya, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali hukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio. Tanzania pia mapato ya mtandaoni ni mapato, kwa hiyo chukua TIN (namba ya mlipakodi) na uongee na TRA, Mamlaka ya Mapato, mapema.

13. Nilipie matangazo, au nimtafute balozi?

Kwanza kabisa, usilipie posti ambayo bila malipo haikumgusa mtu. Lipia ile iliyokwisha kufanya vizuri. Anza na kiasi ambacho hata kikipotea utalala, chagua mikoa unayoweza kufikisha mzigo, na uelekeze tangazo WhatsApp. Kisha hakikisha kuna mtu wa kujibu. Nimeona tangazo likileta watu sitini usiku mmoja na simu iko chaji chumbani.

Ukimlipa mtu maarufu, kubalianeni kwa maandishi: posti ngapi, zikae muda gani, nani anamiliki video, na kama anaruhusiwa kumtangaza mshindani wako mwezi ujao. Msanii naye alinde upande wake kwa maswali hayohayo. Kampuni inayotaka "haki zote milele" kwa malipo ya posti moja inataka sura yako kwa bei ya karanga.

## Sheria na haki

14. Nahitaji leseni? Naweza kutumia wimbo wowote, na picha za wateja?

Duka linaloonyesha bidhaa zake si chombo cha habari. Ukianzisha televisheni ya mtandaoni au blogu ya habari, unaingia kwenye Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022, na mlango wa kugonga ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Msanii anajihusisha na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mwaka 2018 baraza hilo liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, kwa hiyo kazi kuwepo mtandaoni haiiondoi mikononi mwao.

Wimbo wa mtu kwenye tangazo la biashara unahitaji ruhusa. Ndiyo maana akaunti za biashara TikTok hupewa maktaba ndogo ya muziki kuliko akaunti binafsi. Wengi hulalamika, lakini yule mtunzi naye anakula kwa kazi hiyo. Ongea na msanii chipukizi wa mtaani kwako, mlipe kidogo, upate sauti ambayo ni yako tu.

Picha na namba za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Omba ruhusa kabla ya kumposti bi harusi uliyempamba. Usimwingize mtu kwenye grupu kwa sababu tu aliwahi kununua sabuni.

## Yanapoharibika

15. Akaunti imeibwa. Nifanyeje?

Tumia njia ya kurejesha akaunti ndani ya programu yenyewe, siku hiyohiyo, na uwatangazie wateja kwa namba nyingine wasitume fedha. Usimlipe anayejitokeza kwenye komenti akidai anaweza kurudisha akaunti. Mara nyingi ndiye aliyeiba au binamu yake. Wizi mwingi ninaouona huanza na ujumbe wa "umekiuka hakimiliki, bonyeza hapa" au mtu anayekuomba tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Tarakimu hizo hazitolewi kwa yeyote, hata akijiita Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp.

16. Itakuwaje mtandao wenyewe ukizimika?

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika kwa pamoja kwa takriban saa sita, kwetu kuanzia jioni hadi usiku wa manane. Waliokuwa na namba za wateja kwenye daftari walituma meseji za kawaida na kuendelea kuuza. Kila Ijumaa andika namba mpya, kwa ruhusa ya wenyewe, mahali nje ya simu.

17. YouTube imeufungia wimbo wangu mwenyewe kwa hakimiliki. Inawezekanaje?

Mara nyingi umewapa wimbo wasambazaji wawili, au prodyuza alitumia biti iliyouzwa kwa watu wengi na mmoja wao amewahi kuisajili. Angalia jina la anayedai kabla ya kupinga. Msambazaji wako anaweza kuliondoa dai kwa barua pepe moja, lakini ukipinga kwa hasira bila karatasi za biti unaweza kujiongezea matatizo.

18. Mwenye akaunti akifariki, biashara inafanyaje?

Instagram ikithibitishiwa kifo inaweza kuigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu, na ikishakuwa hivyo hakuna anayeweza kuingia tena. Kwa hiyo duka la familia lisikae kwenye akaunti ya mtu mmoja. Ukurasa wa Facebook uwe na wasimamizi wawili, na nywila ziwe mahali ambapo mtu mmoja wa nyumbani anapajua.

Mteja wangu mmoja alikuwa akiuza maandazi na vitumbua kwa oda. Alipofariki, binti yake alibaki na simu. Kila asubuhi ilikuwa inaanza na "shikamoo mama, leo nipo na wageni wanane," naye hakujua aseme nini, akawa anapika na kupeleka bila kuwaambia. Wiki ya tatu tulikaa naye tukabadilisha picha na kuandika ujumbe wa kujibu wa moja kwa moja: "Mama ametangulia. Mimi ni binti yake mkubwa. Maandazi yapo kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, bei ni zilezile."